Godoro jipya mlangoni: namna dalili za kiwewe zinavyopangwa

Ikifika Septemba, habari za meli hurudi barazani. MV Spice Islander iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kwenda Pemba, imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na kabla ya alfajiri ya tarehe 10 ikazama katika mkondo wa Nungwi. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Visiwani kwetu ni tabu kumpata mtu asiyemjua hata mmoja aliyekuwemo.

Na habari hizo zikirudi, hurudi pamoja na maneno yanayonitia uchungu. "Fulani si kaokoka, anataka nini tena?" "Yule kaingiwa na jini la baharini." "Miaka yote hiyo, bado tu?" Upande wa pili kuna vijana waliolichukua neno kiwewe wakalipaka kila kitu: kafungwa timu yake, ana kiwewe, kaachwa na mchumba, ana kiwewe, mwalimu kamgombeza, kiwewe. Wenye maradhi hawaaminiki, na jina la maradhi yao linagawiwa bure. Nimeona bora tukae tulifungue fundo hili taratibu.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili cha wazee wetu, mtu kuingiwa na kiwewe ni kupigwa na bumbuwazi, kuhangaika asijue pa kushika. Wataalamu wa afya ya akili wamelichukua neno hilo wakalipa mipaka. Kwao, tukio la kiwewe ni lile lililomkabili mtu na mauti, jeraha kubwa au udhalilishaji wa kingono. Si lazima limpate yeye mwenyewe. Aliyeshuhudia kwa macho yake anahesabiwa. Aliyeletewa habari kwamba mwanawe au mumewe kafa kwa ajali au kwa kuuliwa anahesabiwa. Wanaookota maiti na kuopoa majeruhi kwa kazi yao, nao wanahesabiwa. Kwa hiyo wavuvi waliotoka na vyombo vyao usiku ule kwenda kuopoa watu, na jamaa waliopita viwanja vya Maisara, maiti walipolazwa, wakifunua shuka moja baada ya nyingine kutafuta uso wanaoujua, wamo ndani ya maana hii hata kama hawakukanyaga meli.

Kufeli mtihani, kuachwa, kufilisika: hayo yanauma, na yanaweza kumletea mtu sonona au wasiwasi unaohitaji matibabu. Lakini ni mlango mwengine.

Baada ya tukio huja itikio. Wiki za mwanzo karibu kila mtu halali vizuri, anashtuka, anaota, hataki kula, analia pasi na sababu iliyo wazi. Hayo ni mwili na nafsi kufanya kazi yao, na kwa wengi hupungua yenyewe. Maradhi ni pale dalili zinapopindukia mwezi mmoja, zikaharibu kazi, ndoa, skuli na usingizi, na zikakataa kuondoka. Madaktari huyaita kwa herufi nne, PTSD. Mimi hapa nitayaita msongo baada ya kiwewe.

Wangapi hufika huko? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu watu 70 katika kila 100 hupambana na tukio la namna hii angalau mara moja maishani, na kati ya waliopambana nalo, asilimia 5.6 ndio wanaopata maradhi yenyewe. Tukio likiwa la ukatili wa kingono au vita, kiwango hupanda. Hesabu hii inajibu makosa mawili kwa mpigo. Anayedhani kila aliyenusurika lazima awe mgonjwa amekosea, na anayesema "mbona mimi nilikuwemo na sijapata kitu" amekosea vilevile. Watu wawili huvuka bahari moja kwa chombo kimoja, mmoja akashuka na kichefuchefu na mwengine hana habari. Hatumwambii wa kwanza kuwa ana imani ndogo.

Sasa, kwa nini kumbukumbu ya miaka kumi na zaidi ikamtetemesha mtu leo? Yeyote aliyekulia Pemba ataielewa sababu akiiangalia karafuu. Karafuu mbichi haitiwi gunia. Inachambuliwa makonyo, inatandazwa juu ya jamvi, inageuzwageuzwa, jua linaila siku kadhaa mpaka inakauka na kubadilika rangi. Hapo ndipo inafungwa na kuwekwa ghalani, na inakaa kimya. Ukiifunga ikiwa na maji, gunia linavuta joto kwa ndani. Utaweka mkono juu yake utadhani ndani mna makaa.

Kumbukumbu za kawaida hupitia jamvini. Tunazisimulia, tunalala nazo, ubongo unazipa tarehe na mahali: hili lilitokea lini, wapi, likaisha vipi. Tukio la kutisha kupita kiasi mara nyingine hufungwa likiwa bichi. Harufu, mlio, baridi ya maji, yote yameingia guniani bila ya kubandikwa alama ya "limepita". Basi likiguswa, halirudi kama habari ya zamani. Linarudi kama jambo linalotokea sasa hivi.

Hili ndilo shina. Makundi ya dalili ni matawi yake, na mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa Marekani unayataja manne tangu mwaka 2013.

Kwa kundi la kwanza nitamchukua mama mmoja wa kufikirika, wa mji wa Mkoani, Pemba. Alikuwemo melini. Aliokoka kwa kushikilia godoro lililokuwa likielea miongoni mwa mizigo. Miaka imepita, binti yake anaolewa, na vijana wanaleta vyombo vya bibi harusi. Godoro jipya linaingizwa mlangoni, bado limevishwa nailoni yake, linachakarika kila likigusa ukuta. Harufu ya sponji inajaa ukumbi. Mama aliyekuwa akikuna nazi anasimama na kifuu mkononi, mdomo umemkauka, vidole vinabana kile kifuu mpaka vinageuka vyeupe. Haoni harusi. Anasikia maji. Halafu anatoka nje kwa mlango wa uani, na wageni wanatazamana.

Hilo ni kundi la kuvamiwa. Kumbukumbu inakuja bila hodi: kwa picha za ghafla mchana, kwa ndoto zinazorudia tukio, kwa moyo kwenda mbio mtu anapokutana na kitu kinachofanana nalo, na mara nyingine kwa kule kujikuta yumo tena ndani yake. Kinachowachanganya watu ni kwamba kichocheo chenyewe kinaweza kuwa kitu kisicho na ubaya wowote. Nani atadhani godoro?

Niseme kidogo kuhusu jinamizi, maana huchanganywa na hili. Yule mtu anayeamka akahisi kakandamizwa kifuani, macho yanaona lakini mkono haunyanyuki, huyo kanaswa baina ya usingizi na kuamka. Mwili haujafunguka bado. Hudumu dakika chache, na humpata hata asiyewahi kuona msiba. Ndoto za kiwewe zina hadithi: ni tukio lilelile, au khofu ileile imevaa nguo nyengine, na mtu huamka akiikumbuka.

Kundi la pili ni kukwepa. Mwongozo unalipa dalili mbili tu: kukwepa mawazo na hisia za tukio, na kukwepa vitu vya nje vinavyolikumbusha, yaani watu, mahali, mazungumzo. Ni kundi dogo kwa idadi, na kwa maoni yangu ndilo linalotudanganya zaidi sisi tunaotazama kwa nje. Yule mama hajapanda chombo tangu siku ile. Dada yake alifariki Unguja, hakwenda kumzika; alisema miguu inamuuma. Mazungumzo ya meli yakianza, ananyanyuka kwenda kutazama moto jikoni. Hapiti bandarini, kwenda sokoni anazunguka njia ya juu. Na majirani wanasema nini? "Mashallah, kashasahau, hata hataji tena." Wanamsifu kwa dalili ya maradhi yake.

Kukwepa kunaleta nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo penye mtego. Kila akigeuza njia, moyo unatulia, na ubongo unajifunza: kumbe kugeuza ndiko kulikoniokoa. Kesho atageuza mbali zaidi. Kwanza bandari, halafu pwani yote, halafu samaki hawataki jikoni, halafu hata redio inazimwa. Dunia inabanwa kidogokidogo. Na lile gunia halifunguliwi, basi na karafuu haikauki. Aliyenyamaza kwa sababu amepona humjua kwa jambo moja: ukimuuliza, anaweza kusimulia. Atahuzunika, lakini atasimulia mpaka mwisho na atamalizia chai yake.

Kundi la tatu lina dalili saba, na mpaka mwaka huo wa 2013 sehemu yake kubwa ilikuwa imechanganywa na kukwepa. Walizitenganisha kwa sababu kukimbia kitu ni jambo moja, na kufa ganzi moyoni ni jengine. Humu mna kusahau sehemu muhimu za tukio, kuamini kwamba dunia yote haina salama, kujilaumu, huzuni, hasira au aibu isiyotoka, kutotaka mambo aliyoyapenda, kujihisi mbali na watu, na kushindwa kuonja furaha.

Hapa nataka tukae, kwa sababu humu ndimo tunamowaumiza watu kwa nia njema. Chukua kujilaumu. "Ningemshika mkono kwa nguvu zaidi." "Mimi ndiye niliyemwambia apande chombo cha usiku ili awahi." Tunamjibu: ni kadari ya Mungu, shukuru. Maneno ni ya haki na tunayaamini. Lakini mtu huyu naye anayaamini, anayasema kila sala, na bado lawama haimtoki. Sasa anaongeza na lawama ya pili, kwamba pengine imani yake ina kasoro. Au baba ambaye Idd inafika, watoto wamevaa, biriani inanukia, na yeye anawatazama kama anayewatazama kupitia kioo. Anajua kuwa anawapenda. Hausikii upendo wenyewe. Mkewe anadhani ana mwanamke mwengine, wazee wanamwita mwenye kiburi. Ganzi hii si uamuzi wake. Nafsi iliyoziba mlango wa khofu imeziba na mlango wa furaha, kwani mlango ulikuwa mmoja.

Kundi la nne ni mwili kukataa kushuka zamu. Usingizi mwepesi, kushtuka mlango ukibamizwa, hasira za ghafla, kushindwa kutuliza akili juu ya jambo moja, kujitia katika hatari bila kujali, na kule kukagua kila mahali. Mfikirie mlinzi wa shamba aliyeibiwa mara moja: tangu siku hiyo popo akitua kwenye mwembe, yeye kashanyanyuka na panga. Macho yake ni mazima. Kipimo chake cha hatari ndicho kilichoshushwa chini mno. Mtu wa namna hii utamkuta kwenye boti anahesabu maboya, anauliza milango iko wapi, hakai mpaka aione bahari pande zote. Kusi likivuma kwa nguvu Juni na Julai, halali.

Sasa hesabu, maana ndipo wengi wanapojipima vibaya kwa orodha za mitandaoni. Makundi hayo manne yana dalili 20 kwa jumla. Daktari hatafuti zote. Anataka angalau moja ya kuvamiwa, moja ya kukwepa, mbili za kundi la tatu na mbili za kundi la nne, zote zimedumu zaidi ya mwezi na zimemvuruga mtu maisha. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza wasifanane kabisa. Watafiti walikaa wakapiga hesabu ya michanganyiko inayowezekana kwa masharti hayo wakapata 636,120. Basi mtu akikwambia "fulani hawezi kuwa nayo, mbona haoti", jua hajui anachokipima. Na wewe ukiwa na dalili sita za kundi la nne peke yake, pengine una tatizo jengine, na ni daktari wa kukwambia.

Kuna mwongozo wa pili, ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022. Huo umechagua njia fupi: makundi matatu tu, yaani tukio kurudi upya kana kwamba ni la sasa, kukwepa, na kuhisi hatari ipo mpaka leo. Dalili zinazoshirikiana na sonona umeziweka kando ili maradhi mawili yasichanganywe. Halafu ukatambua aina nzito zaidi, ambayo huwapata zaidi walioteswa kwa muda mrefu bila ya pa kukimbilia, mathalan mtoto aliyekuwa akidhalilishwa miaka ndani ya nyumba. Hao wana makundi yale matatu na zaidi yake: hisia zisizotulizika, kujiona hawana thamani, na kushindwa kumkaribia mtu. Ukiuliza upi ndio sahihi, nitakwambia makundi ni rafu alizotengeneza binadamu ili apange vitu apate kuvitibu. Jina lenyewe liliingia kwenye mwongozo wa Marekani mwaka 1980 tu, baada ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Na katika vita vikuu vya kwanza kulikuwa na madaktari wa Uingereza waliodhani ni mtikisiko wa mizinga uliovuruga ubongo wa askari. Rafu hubadilishwa. Mateso yalikuwepo kabla yake.

Nifike kwenye jini, kwa sababu nikilikwepa nitakuwa nafanya ninachowakataza wengine. Baadhi ya wagonjwa, wakiguswa na kichocheo, huhisi wametoka ndani ya miili yao, au vitu vinavyowazunguka vimekuwa kama ndoto. Macho yanakodoa, ukiwaita hawaitiki. Mwongozo wa Marekani unaitaja hali hii kama namna mojawapo ya maradhi haya. Kwetu sisi jamaa watasema kapandwa, na atapelekwa kuzinguliwa, atanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Mimi si wa kumkataza mtu kusomewa Qur'ani. Kisomo kinamtuliza Muislamu, na kukusanyika kwa jamaa ni dawa ya upweke. Ninachoomba ni kwamba kisomo kisimzuie na hospitali. Na anayempiga mgonjwa, kumfunga au kumfukizia moshi mpaka ashindwe kupumua ili "limtoke", anamwongezea tukio la pili juu ya la kwanza.

Kuhusu muda, zaidi ya miezi 6 inaweza kupita kabla dalili hazijatimia. Mtu alizika, akahudumia wageni, akarudi kazini, watu wakamsifu kwa uvumilivu, kisha akaanguka mwaka wa pili. Hajifanyi.

Watoto wadogo hawasimulii, wanacheza. Mtoto anayezamisha kopo kwenye ndoo kila siku, tena na tena, bila ya kucheka, anasema kitu. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena baada ya msiba, anasema kitu pia. Fimbo haijibu hilo.

Siku za mwanzo baada ya janga, usimlazimishe mtu kusimulia. Kikao kimoja cha kumtaka aeleze yote papo hapo hakijathibitika kumkinga. Mpe pa kulala penye usalama, chai ya moto, habari za kweli za jamaa zake, na mtu wa kukaa naye. Shirika la Afya Duniani limeshauri pia vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu visitolewe kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi huo wa kwanza. Mwezi ukipita na hali haijashuka, hapo ndipo pa kutafuta mtaalamu. Unguja watu hulitaja jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, kama tusi, na wengi wamebaki na maradhi yao nyumbani kwa kuogopa kuonekana getini. Aliyevunjika mguu haoni haya kupelekwa Mnazi Mmoja.

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo yanayolenga tukio lenyewe, mara nyingi vikao kati ya 8 na 16, na ziko dawa kama sertralini kwa wanaozihitaji. Kazi ya vikao ni kulifungua gunia na kuianika karafuu: kusimulia mbele ya mtu aliyefunzwa, kipande kwa kipande, mpaka kipate tarehe yake na mwisho wake, kuipima ile lawama, kama kweli mkono mmoja ungeweza kushindana na mkondo wa Nungwi, na kukirudia kidogokidogo kile kilichokwepwa.

Kwa yule mama wa Mkoani, huenda wakaanza na kipande cha sponji mezani. Wiki nyengine, njia ya chini ya kwenda sokoni. Halafu siku moja anakaa na mtoto wa kaka yake juu ya ukuta unaotazama gati, meli imefunga kamba, makuli wanashusha mizigo. Honi inalia. Mabega yanampanda, mkono unatafuta wa kijana. Anataka kunyanyuka, hanyanyuki. Honi inalia mara ya pili, na safari hii anaisikiliza mpaka inakatika, kisha anamuuliza kijana ni saa ngapi.